Kwa Nafi

Treni ya Mwanza ilikuwa ifike Tabora Alhamisi alasiri. Jua likatua, mbuzi wakafungwa, majirani wakala wakalala, na Apolinaria hakusikia kitu. Kutoka Kwihara, usiku upepo ukitulia, treni husikika ikilia inapokaribia mjini, mlio mwembamba kama wa ndama aliyetengwa na mama yake. Usiku huo mlio ulikuwa bado haujaja. Utambi wa taa ya chemli alikuwa ameupunguza mara tatu, kwa sababu mwaka ule wa arobaini na nne vita vilikuwa vimemeza mafuta, sukari na nguo, na mtu mwenye chupa nzima ya mafuta ya taa aliificha uvunguni kama ameiiba.

Alikaa kwenye kigoda, moto mgongoni, macho mlangoni. Mlango wa tembe lake ulikuwa wa mbao za mninga, mfupi, wa kuingia kwa kuinama, na nyuma yake alikuwa amepitisha gogo. Jikoni kulikuwa na kuku wa kuchemsha, ugali uliofunikwa vizuri usipoe, mlenda, na kibuyu cha asali mpya. Mwanamke aliyepika namna hiyo kumpokea mtu, kisha akamfungia mlango kwa gogo, angeulizwa kama ana akili timamu. Apolinaria alikuwa nazo zote. Alikuwa na kiapo pia.

Aliyekuwa akingojwa ni Silasi, mwanawe wa pekee, ambaye hakumtia machoni miaka miwili. Akija peke yake, gogo litaondoka kabla hajabisha. Akija na Nafi, watalala nje wote wawili, fisi wa Kwihara wachague wenyewe waanze na nani.

Apolinaria hakuzaliwa na wivu. Alifundishwa, tena akiwa bado ni mtoto wa kukaa mkekani na kutazama.

Baba yake, Lugembe, alikuwa mpagazi enzi za Wadachi, kabla reli haijafika. Njia kuu ya misafara ilipita karibu na tembe lao kiasi kwamba walipolala waliwasikia wapagazi wakikohoa. Lugembe alijitwisha pembe kwenda Bagamoyo, akaaga kwamba atarudi kabla mtama haujavunwa. Mtama ukavunwa, ukapandwa, ukavunwa tena. Kila jioni mama yake Apolinaria alimtengea mumewe chakula pembeni, na asubuhi watoto wakakila kikiwa baridi. Mlango haukutiwa gogo hata usiku mmoja, asije mwenye nyumba akabisha.

Siku aliyorudi, mama alikimbia kufungua mlango ambao tayari ulikuwa wazi. Nyuma ya Lugembe akaingia mwanamke wa pwani, kanga mbili mwilini, wanja machoni, ananukia mawaridi. Akakaa kwenye kigoda cha mwenye nyumba. Akachungulia chungu cha mlenda, akauliza kwa upole kabisa, "Haya makamasi ni ya nani?"

Lugembe akacheka.

Maneno ya mgeni mama aliyasamehe. Kicheko cha mumewe aliingia nacho kaburini. Kuanzia siku ile Lugembe alitaka wali, alitaka nazi, alitaka vitu ambavyo Unyamwezi haijawahi kuviotesha, na mama akahamia kulala jikoni kwa hiari yake. Alipokuwa anakata roho alimwambia Apolinaria, "Mwanangu, kosa langu lilikuwa moja tu. Niliufungua mlango kabla ya kuuliza yuko na nani."

Ndiyo maana Apolinaria alipofikia kuolewa aliwapita wanaume wenye hadithi za mbali akamchagua Ambrosi, mrina asali, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda msituni kwenye mizinga yake na kurudi ananuka moshi. Walisikilizana. Ambrosi akafa kwa homa Silasi akiwa na miaka minane, na tangu hapo mama na mtoto wakawa kama kinu na mchi. Alimlea kwa asali, karanga na matobolwa, vile vipande vya viazi vitamu vya kuchemshwa na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama ngozi. Silasi aliyapenda matobolwa kupita kiasi. Utotoni alikuwa akilala na kipande shavuni, asubuhi anaamka nacho kimelainika, anakimalizia.

Halafu vita vikaja, na vijana wakaanza kuchukuliwa na kujitolea. Siku moja Silasi alikwenda mjini na madebe ya asali, akarudi bila madebe.

"Mama, nimeandikishwa."

"Keya, jeshi la nchi kavu?"

"Bahari."

Apolinaria alimtazama kwanza. "Wewe? Wewe uliyelia ulipovuka mto Igombe na maji yako magotini?"

"Nilikuwa mdogo, mama."

"Ilikuwa mwaka juzi, Silasi."

Lakini jina lilikuwa limekwisha kuandikwa, na jina likiandikwa na serikali halifutwi kwa machozi ya mjane. Akaenda, kwa njia ya Mwanza na ziwa, mpaka Mombasa, akapandishwa manowari ya Wazungu.

Kwihara, barua za askari zilisomwa hadharani baada ya misa, na msomaji alikuwa Nikolaus, katekista. Apolinaria alikataa. Alikuwa amesoma misheni mpaka kitabu cha pili, na katekismu aliimudu mradi asiharakishwe. "Macho ninayo," alimwambia Nikolaus. Ukweli ni kwamba hakutaka watu thelathini wasikie maneno ya mwanawe wakati uleule anaoyasikia yeye. Kwa hiyo alijifungia nyumbani, kidole kikifuata mstari neno kwa neno, midomo ikichezacheza. Angemwachia Nikolaus barua zile, hadithi hii isingekuwepo.

Barua ya kwanza ilisema: "Mama, shikamoo. Mimi sijambo. Manowari yetu ni kubwa, tukiiweka Kwihara itaanzia kwetu iishie kisimani. Ndani kuna kanisa, hospitali, kinyozi, dobi, na tanuri la kuoka mikate usiku kucha. Tunalala kwenye vitanda vya turubai vilivyoning'inizwa. Tena kuna Nafi," na hapo wino mweusi ulikuwa umepita juu ya maneno, nusu ukurasa mzima, kazi ya wakaguzi wa barua wakati wa vita. Chini ya weusi huo mistari ikaendelea: "na ndiyo maana siku hizi silali na njaa."

Nafi. Apolinaria aliona herufi moja imesahaulika. Silasi alikuwa mvivu wa herufi tangu shule. Bila shaka alitaka kuandika nafsi. Akamshukuru Mungu kwamba hata huko baharini mwanawe anaikumbuka nafsi yake, akaikunja barua akaitia ndani ya kitabu cha sala.

Barua ya pili ikamtoa huko, maana nafsi haimimini chai.

"Kwa Nafi kuna chai ya maziwa, na sukari haipimwi," Silasi aliandika. "Kuna biskuti, chokoleti, sigara, sabuni ya kunukia, na soda ya chupa ambayo ukiinywa inachoma pua. Tena kuna barafu ya maziwa, mama, tamu, ukiitia mdomoni meno yanapiga kelele. Nafi wanafungua saa kumi jioni. Sote tunapanga mstari, hata Wazungu. Usiku wa zamu tunapata kakao nzito ya moto. Hapa sina shida ya kitu chochote."

Aliirudia sentensi ile ya mwisho mpaka kidole kikaacha alama kwenye karatasi. Sina shida ya kitu chochote. Yeye hapo alikuwa anakunywa uji bila sukari, na sabuni yake ilikuwa majivu. Lakini sivyo vilivyomchoma. Kilichomchoma ni kwamba mtoto asiye na shida ya kitu chochote hana shida ya mama.

Jumapili iliyofuata Nikolaus akasoma barua ya Bernardo, mtoto wa Veneranda, jirani yake. Bernardo alikuwa Keya, huko Bama, kupigana na Wajapani. "Mama, mvua hainyamazi," Nikolaus alisoma, "ruba wananinyonya, tunakula nyama ya kopo mpaka nimesahau ladha ya chumvi ya kwetu. Kila nikifumba macho naota ugali wako." Wanawake wakajifuta machozi kwa ncha za nguo. Veneranda alilia kuliko wote, na uso wake ulikuwa unang'aa kama wa bibi harusi.

"Na wako je, Mama Silasi?" akauliza walipotoka.

"Hajambo. Anakula."

"Anakula nini?"

"Chakula."

"Nani anampikia?"

Apolinaria akainama akafukuza kuku ambaye hakuwepo. Mtu mwingine angemwonea wivu Silasi na chai yake. Apolinaria alimwonea wivu Veneranda, aliyejaliwa mtoto mwenye njaa.

Siku ya pili alikwenda mjini. Karibu na stesheni alikuwapo Bi Tatu, mwenyeji wa Tabora tangu enzi za babu zake, muuza vitumbua, ambaye mumewe Twalibu alikuwa fundi cherehani upande wa pili wa barabara. Apolinaria aliwauzia asali miaka mingi. Akanunua kitumbua ambacho hakukitaka, akala nusu, ndipo akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Bi Tatu, Nafi ni jina la namna gani?"

"Nafi?" Tatu akageuza kitumbua. "Hilo ni Nafisa. Nafisa likifupishwa ni Nafi. Mwanamke huyo, na atakuwa mtu wa pwani."

"Linafupishwa na nani?"

"Na anayempenda! Jina halifupishwi bure, Mama Silasi. Mimi huyo Twalibu akinitaka kitu ananiita Ta."

"Na huyu akisemwa 'wanafungua', badala ya 'anafungua'?"

"Hiyo ni heshima. Ninyi Wanyamwezi si ndiyo desturi yenu? Hamumsemi mkwe kwa wingi?"

Apolinaria akaacha kutafuna. Mkwe.

"Anafanya kazi gani huyo Nafi?" akauliza Tatu.

"Anauza chai. Na biskuti. Wanaume wanampangia mstari."

Tatu akacheka juu ya kikaango chake. "Kumbe ni mwenzangu! Basi nikwambie. Mwanamke anayelisha wanaume mia hawezi kukosa kumtia mmoja sukari zaidi. Mimi huyu Twalibu nilimpata wapi? Alikuwa wa nne kwenye mstari. Nikampa kitumbua kikubwa. Muulize!"

"Ni kweli!" Twalibu akaitikia toka kwenye cherehani yake, hata hakuinua kichwa. "Nilidhani ni bahati!"

Apolinaria alirudi Kwihara kwa miguu, na njia nzima alikuwa anapika. Kichwani tu, lakini anapika. Kama ni vita vya chakula, yeye si mtu wa kushindwa na muuza chai. Akachagua viazi vyekundu, akachemsha, akavikata vyembamba, akavianika juu ya mwamba na kukaa pembeni siku nne kufukuza mbuzi na watoto. Akakaanga karanga kwa chumvi. Akatia asali ya miombo kwenye chupa. Vyote akavipeleka kwa Twalibu, akavishona ndani ya gunia kwa uzi mara mbili, vikaenda posta. Barua aliyoiambatanisha ilikuwa fupi: "Mwanangu, kula. Nani anakupikia? Mimi mama yako." Jina la Nafi hakulitaja. Kumtaja mwanamke mwenzio ni kumpa kigoda.

Miezi mitatu ikapita, barua ya tatu ikafika. Apolinaria aliitafuta mizigo yake ndani ya barua ile kama mtu anayetafuta sindano. Aliipata mwanzoni kabisa. "Vitu vyako vimefika, ahsante." Basi. Maneno manne kwa siku nne za kufukuza mbuzi. Kisha:

"Habari kubwa ni kwamba nimehamia kwa Nafi. Ofisa ameridhia. Kazi ya kusugua sitaha nimeachana nayo. Nalala huko huko, funguo ninazo mimi, asubuhi nafungua, usiku nafunga. Nafi wamenipa shati jeupe. Umeuliza nani ananipikia: nakula kwa Nafi."

Aliketi chini na karatasi mapajani. Ofisa ameridhia! Mzungu ameulizwa, mzazi hakuulizwa. Mahari gani ililipwa, kwa nani, mbele ya padri gani? Usiku huo aliiona waziwazi, kama amekwenda: chumba ndani ya chuma, kitanda kinaning'inia, mwanamke mwenye wanja anamtilia Silasi sukari kijiko cha tano, naye Silasi amevaa shati jeupe. Katikati yao, kwenye meza, gunia lake halijafunguliwa. Mwanamke anachungulia ndani. "Haya ni nini?" Na Silasi anacheka.

Siri ilimvimba tumboni siku mbili, ya tatu ikamtoka kisimani.

"Ameoa," alimwambia Veneranda.

"Silasi? Nani?"

"Mwanamke wa huko melini."

"Mwenzangu, manowari ina wanawake?"

"Ina kanisa. Ina dobi, ina kinyozi. Mji gani umewahi kuwa na kinyozi ukakosa wanawake?"

Veneranda alitafakari, akaona hoja haina ufa. "Pole, mwenzangu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepewa paja la mbuzi. "Wangu hata akitaka, huko Bama atamwoa nani? Ruba?"

Tangu siku hiyo Apolinaria alikuwa mtu wa kupimapima. Alionja mlenda wake akauona unavutika mno. Aliunusa mkono wake akasikia moshi. Alipomwona mwanamke yeyote wa mjini mwenye kanga mpya alimtazama vifundo vya mikono, kama amevaa vikuku, kwa sababu yule wa baba yake alivaa, na alikuwa akitembea analia kama kabati la vyombo. Watu walisema Mama Silasi amekonda. Wengine walidhani ni vita.

Barua ya nne, fupi, ilikuja baada ya Kwaresima kuanza. "Nimepewa likizo ya siku kumi na nne. Nitafika na treni ya Mwanza, Alhamisi ya kwanza baada ya Pasaka. Mambo ya Nafi sitaki kuyaandika tena, utayaona mwenyewe kwa macho. Jiandae, mama. Utacheka."

Utacheka! Neno lilelile la nyumba ya baba yake. Apolinaria alikwenda msituni, akachagua mti, akakata gogo jipya la mlango.

Na sasa ilikuwa usiku wa Alhamisi hiyo, kuku amepoa, ugali umeanza kuota ngozi, na treni haijalia. Alijaribu kusali rozari. Mafumbo ya furaha yakampeleka kwa Mama Maria akimtafuta mwanawe siku tatu, akaiacha. Aliwaza labda reli imeharibiwa na mvua. Aliwaza labda manowari imezama, na mara hiyo akasimama wima gizani, mkono kifuani, akamwambia Mungu kwa sauti, "Basi aje naye. Aje hata naye." Akakaa tena. Baada ya kitambo akaongeza, taratibu, "Lakini wewe unajua ninavyotaka mimi."

Karibu na usiku wa manane ikalia. Nyembamba, mbali, mara mbili.

Kutoka stesheni hadi Kwihara ni mwendo wa saa mbili kwa mtu asiye na mzigo. Apolinaria alipasha kuku moto, akamtoa motoni, akampasha tena. Alijifunga nguo yake nzuri, akaivua, akajifunga tena. Kisha akaupunguza moto ubaki makaa, aone asionekane, akaja kusimama nyuma ya mlango.

Alisikia buti kwanza. Zilikuja polepole juu ya njia ileile ya zamani ya misafara, hatua nzito, fupi fupi. Na pamoja na buti, kwa kila hatua, mlio mwingine: kling, kling. Mwepesi, wa kioo au fedha, ukipanda na kushuka kwa mwendo wa mtu anayetembea karibu sana na mwenzie.

Vikuku.

Apolinaria akaegemeza mgongo kwenye gogo, ingawa gogo halikuhitaji msaada.

"Hodi," sauti ikasema nje. Ilikuwa ya Silasi, lakini nzito, kama ya mtu mwenye jino bovu. "Hodi, mama. Mayu!"

Hakujibu.

"Mama, ni mimi Silasi. Shikamoo."

Shikamoo ya mtoto haiachwi hewani. Hata aliyeapa hawezi. "Marahaba," ikamtoka yenyewe.

"Fungua basi, mama."

"Uko na nani?"

"Na nani? Niko peke yangu."

"Nasikia vikuku."

"Vikuku gani tena?"

"Silasi, mimi ndiye niliyekuzaa, usinifanye mtoto. Yuko wapi Nafi?"

"Nafi?" Silasi akasema. "Nafi hii hapa kichwani, mama, imeniua shingo tangu stesheni. Fungua kabla haijaanguka ikavunjika."

Apolinaria aliachana na gogo, akageuka kuutazama mlango kama vile una uso. Imeniua. Haijaanguka. Ikavunjika. Alipitisha maneno hayo mdomoni, moja moja, kama alivyosoma barua. Mtu unaweza kumchukia, unaweza kumwita mbwa, lakini akianguka utasema ameanguka. Imeanguka ni nyumba. Imevunjika ni chupa.

"Silasi," akasema. "Nafi ni nini?"

Hakusema ni nani. Alisema ni nini.

"Ni duka, mama. Duka la melini, dirisha tu, la kuuzia mabaharia chai na biskuti. Ndilo jina lake la Kizungu. Kila manowari kubwa inalo. Nilikueleza yote barua ya kwanza, nusu ukurasa."

"Walipaka wino."

"Walipaka? Duka la biskuti?" Kisha Apolinaria akasikia akili ya mwanawe ikitembea kinyumenyume, barua hata barua. "Nimehamia kwa... Mama! Ulidhani..."

"Usicheke."

"Sicheki."

"Nakusikia."

"Sicheki, mama. Nimebeba chupa ishirini na nne za soda, nikicheka zinakwisha zote. Ndizo hizo vikuku vyako. Fungua."

"Na kulala huko huko?"

"Chini ya meza ya duka, kwenye godoro, wasije wakaiba chokoleti."

Hapo gogo lingetoka, na Apolinaria mwenyewe alikwisha kulishika. Lakini wivu uliolala kifuani mwaka mzima hauondoki kwa kuambiwa umekosea nyumba. Mwanamke unaweza kumsema kwamba ni mchoyo, ni mzee, ana makengeza. Duka utalisema nini? Duka lina sukari, lina barafu ya maziwa, haligombi, halikohoi usiku. Alikuwa ameshindwa, tena si na mtu. Ameshindwa na dirisha.

"Silasi."

"Mama, shingo."

"Yale matobolwa. Uliandika 'vitu vyako vimefika, ahsante'. Ulikula, au uliwagawia wenzio?"

Apolinaria alisikia chupa zikigongana, Silasi akisogeza mzigo.

"Kuna Mzungu mmoja mnene," akasema, "ndiye mkubwa wa duka. Alinikuta natafuna. Akauliza, hicho nini? Nikamwambia soli ya kiatu."

"Soli?"

"Nikamwambia kwetu tunaitafuna kwanza ilainike, ndipo fundi anaishona. Akaniangalia kwa huruma, mama, akanipa viatu vipya. Ningesema ni chakula, angeonja. Angeonja, na mstari wote nyuma yake ungetaka kuonja. Kwa Nafi kila kitu ni cha kila mtu. Yale yalikuwa yangu. Nimekula kipande kimoja kila Jumapili."

"Na yamekwisha."

"Kilibaki kipande kimoja." Sauti ilikuwa bado nzito, bado ya jino bovu. "Nimekitia shavuni Mwanza. Ndicho hiki nachoongea nacho."

Apolinaria alisimama gizani. Kisha akalisukuma gogo. Lilikuwa jipya, halijazoea nafasi yake, likang'ang'ania. Akalipiga bega, likatoka, likaanguka chini kwa kishindo kilichoamsha mbwa wa Veneranda. Mlango ukafunguka.

Alikuwa mrefu zaidi, shati jeupe, uso umeng'aa kwa jasho na mbalamwezi, shavu moja limevimba. Kichwani, juu ya kata ya nguo, kama babu yake na pembe zake, alikuwa amejitwisha sanduku la mbao lenye herufi tano nyeusi, Nafi kwa Kizungu, na kila herufi ina nukta yake. Akainama kuingia. Sanduku likagonga kizingiti cha juu, chupa zikalia zote. Akajaribu kwa ubavu. Halikupita.

Apolinaria akalishika kwa mikono miwili, akaliteremsha, akalitua chini ya ukuta, nje. Akamshika mwanawe mkono.

"Wewe pita," akasema. "Nafi angoje nje."